Supu ya Nyapara

Gary, Indiana
8 Machi 1953

Rosabel,

Habari za kisiwani, na habari za mikono yako? Najua huu ni msimu wa chaza na kile kisu hakina huruma. Mimi mzima, isipokuwa macho. Wamenihamishia upande wa kumimina chuma, na nikirudi chumbani naona kila kitu chekundu, hata maziwa.

Ndani ya bahasha kuna sura tatu za mwanzo za kitabu changu. Usicheke. Uliponisindikiza kivukoni nilikuuliza kama utakubali nikuoe, ukasema utanijibu nikishamaliza hicho kitabu ninachokitaja kila siku tangu nitoke jeshini. Nadhani ulisema hivyo ukijua sitaanza. Basi nimeanza. Kinamhusu Dido, aliyemzaa bibi yangu, alipokuwa mtumwa kwenye shamba la Marsh End, hapo hapo zilipo nyumba zetu leo. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nukta na mikato weka wewe. Maneno usiyaguse.

Nina ombi. Jumapili ibada ikiisha, wasomee watu pale nyumba ya sifa. Wazee wetu wamelelewa na hao hao ninaowaandika. Nikikosea, nataka nikosolewe nikiwa mbali, mahali ambapo hakuna mkongojo wa mtu utakaonifikia.

Otis, ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu. Yeye ni mtu wa Mississippi, na kila nikimsomea ukurasa ananiambia mambo hayakuwa hivyo.

Mimi,
Emory Chisolm


Kisiwa cha Sorrel, Karolina Kusini
23 Machi 1953

Emory,

Makaratasi yamefika yananuka masizi. Nimewasomea.

Sura ya kwanza walisikiliza kama watu wanaosomewa wosia. Sura ya pili ndiyo iliyoleta balaa. Umeandika kwamba Dido aliingia kwenye mduara wa sifa na "akapishanisha miguu kwa furaha." Bi Minda akagonga sakafu kwa mkongojo. Unamjua binamu wa baba yangu akigonga sakafu. Akaniambia nirudie hapo, nikarudia. Akauliza kama huyo Dido anacheza dansi ndani ya nyumba ya Bwana. Nikasema mimi nasoma kilichoandikwa. Akasema basi atolewe nje kwanza, atubu, ndipo kitabu kiendelee. Shemasi Gadsden akaunga mkono, wakapiga kura. Emory, Dido wako amefukuzwa kwenye nyumba ya sifa, na ametangulia kufa miaka sitini.

Umesahau vipi? Kwenye mduara tunazunguka tukiimba, na miguu inaburuzwa. Haiinuki, haipishani. Anayepishanisha anacheza dansi, na dansi ni ya shetani. Hata mtoto wa miaka minne hapa anajua. Nadhani huko Gary wamekuharibu miguu.

Wengine wana maombi yao. Shemasi anataka umwingize babu yake, ambaye anasema alivuka mkono wa bahari akiogelea huku amemtanguliza nyumbu wa bwana. Nikamuuliza nyumbu alikuwa anaogelea au anaelea. Amenuna mpaka leo. Thomasina Polite anataka bibi yake awe mrembo. Nikamuuliza kama alikuwa mrembo kweli. Akasema hapana, hata kidogo, lakini hii si hadithi?

Nilichokuambia kivukoni sijakisahau. Andika.

Rosabel Capers


Gary
12 Aprili 1953

Rosabel,

Mwambie Bi Minda kwamba Dido ametubu. Nimemburuzisha miguu ukurasa mzima, mpaka naona vumbi. Kosa langu lilitoka kwenye ukumbi mmoja hapa mtaani ambako wanawake hucheza Jumamosi, na mimi hupita tu nje nikienda kununua mkate. Nimesema hupita.

Nakuletea sura tano nyingine. Hizi ni za kazi ya pamba. Nimeeleza jinsi nyapara alivyokuwa akipima kila asubuhi kwa ufito, kila mtu na ngwe yake ya kulima, na aliyemaliza ngwe mapema anakwenda kwenye bustani yake au kuvua kaa. Otis amekasirika. Anasema huo ni uongo wa kuwafurahisha wazungu, kwamba mtumwa alikuwa na saa ya kumaliza kazi. Kwao Mississippi walilima kwa kundi tangu jua linachomoza mpaka linazama, na nyapara yuko nyuma na mjeledi. Nikamwambia Mississippi si dunia. Akaniambia Sorrel haipo hata kwenye ramani. Wakati wa kula tukakubaliana kwamba babu zake waliteswa kwa jinsi yao na wa kwetu kwa jinsi yao, na kila mmoja atetee mateso ya kwao.

Neno moja kabla hujasoma sura ya nane. Kuna nyapara humo, mtumwa aliyewekwa juu ya watumwa wenzake, anaitwa Sancho. Nimemtunga kichwani. Hayupo na hakuwahi kuwepo. Nakuambia mapema tu, usije ukajiuliza.

Wako, mwenye macho mekundu,
Emory


Sorrel
3 Mei 1953

Emory,

Nimesoma sura ya nane mbele ya watu.

Umeandika kwamba Sancho alipuliza baragumu alfajiri "amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, unyayo wa pili ameuegemeza kwenye goti." Nilipofika hapo nyumba nzima ikaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimesimama hivyo hivyo. Nasimama hivyo nikifungua chaza, baba yangu alisimama hivyo akishona nyavu, na kila mtu kisiwani anajua tumerithi kwa nani. Renty Capers, nyapara wa Marsh End, baba wa babu yangu.

Halafu nikageuza ukurasa, nikasoma Sancho anavyompiga Dido. Nilisoma mpaka mwisho. Waulize.

Nataka kujua jambo moja. Hilo umelitunga, au unalijua?

R. Capers


Gary
14 Mei 1953

Rosabel,

Nalijua.

Bibi yangu alikuwa akimwogesha mama yake, na alimshika kovu lile mgongoni kwa mkono wake. Akaniambia ni la nani. Akaniambia pia nisilitaje mbele ya mtu, kwa sababu sisi na ukoo wa Capers tunachota kisima kimoja na tunazikana. Nikafunga mdomo. Tangu utoto nimekuona umesimama kwa mguu mmoja, na sikuwahi kukuchukia hata dakika. Nilikuwa naona ni madaha.

Nilitaka nikuoe kwanza ndipo nikuambie. Halafu nikaona hiyo ni hila, bora nikuambie ndipo nikuoe. Halafu ujasiri ukaniishia, nikamwachia Sancho akuambie. Hata jina la uongo sikujua kulivalisha vizuri. Nilibadili kila kitu, nikasahau mguu.

Sema unachotaka nifanye na sura hiyo. Nitaichoma ukitaka. Tanuru ninalo.

Emory


Gary
7 Juni 1953

Rosabel,

Sijapata neno kutoka kwako. Mtu wa posta ameanza kutikisa kichwa akiniona dirishani, kabla sijauliza.

Nimeiandika upya sura ya nane. Imo humu. Sancho sasa ni mtu mwema. Anampeleka Dido nyuma ya ghala, anachapa nguzo, na Dido anapiga mayowe ili bwana asikie. Wakimaliza wanacheka kimya kimya, na Sancho anampa kipande cha sukari. Nimeona ni nzuri. Otis ameisoma, akaniuliza kama ninaumwa.

Wasomee hiyo badala ya ile ya kwanza. Tafadhali.

E.


Sorrel
28 Juni 1953

Emory,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na sipendi kuandika na hasira, kalamu inatoboa karatasi. Sikukasirikia habari za Renty. Nyapara ni nyapara, sikudhani alikuwa akigawa peremende. Kilichoniuma ni kwamba ulijua maisha yako yote, ukaniacha nijifunzie mbele ya Thomasina Polite.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana hasira imekwisha na sababu utaiona.

Jumapili nilisimama, kwa miguu miwili, nikawasomea sura yako mpya. Nilipofika kwenye nguzo, watu wakaanza kutazamana. Nilipofika kwenye mayowe, Shemasi Gadsden akatoa kitambaa akajiziba mdomo. Nilipofika kwenye sukari, Thomasina aliteleza kwenye benchi, na si mwanamke mdogo. Wakacheka, Emory. Walicheka mpaka nikacheka na mimi, nikashindwa kuendelea. Shemasi akasema, kama kila nguzo inayosemekana kupigwa ingepigwa kweli, visiwa hivi visingebaki na ghala lililosimama. Kumbe kila ukoo uliokuwa na nyapara una nguzo yake. Akakutumia ujumbe: umeandika kama mtu anayeogopa wakwe.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Minda. Akagonga sakafu. Nikadhani atanifukuza mimi sasa. Akasimama, na wewe unajua hasimami isipokuwa kwa maombi.

"Renty ni babu yangu," akasema. "Mkono wake naujua, na mimi ulinichapa. Alimpiga Dido. Bwana alikuwa juu ya farasi anatazama. Sisemi hivyo kumtetea. Nasema alikuwepo."

Akaendelea, nami nakuandikia kama alivyosema, kwa urefu wake. Alisema mama yake alimwambia kwamba ufito wa Renty ulikuwa mfupi kuliko ilivyotakiwa, aliukata mwenyewe kwa siri, na kwa hiyo ngwe za Marsh End zilikuwa ndogo kuliko za mashamba mengine, na watu walimaliza jua likiwa bado juu. Hilo yeye hakuliona, aliambiwa. Lakini kuna jambo aliloliona kwa macho yake, akiwa mtoto, miaka mingi baada ya uhuru. Renty aliugua homa, akalala hawezi hata kuinua kichwa, na wote wako shambani. Dido akaja na chungu cha supu ya kaa na bamia. Akaketi kitandani pake, akamlisha kwa kijiko, na kila kijiko alikisindikiza kwa tusi. Kijiko, tusi. Kijiko, tusi. Hakurudia tusi hata moja mpaka chungu kikaisha. Bi Minda alikuwa kwenye kona. Anasema matusi yote anayoyajua aliyajifunza siku ile, na hajahitaji mengine.

Shemasi akauliza ni matusi gani. Bi Minda akasema mahali hapa ni patakatifu, atamwambia nje.

Mimi nikamuuliza kama Renty aliomba radhi.

"Sikusikia," akasema. "Alikuwa anameza."

Emory, watu hawakwenda nyumbani. Walikaa kwenye mabenchi wakabishana kuhusu ufito. Mzee mmoja akasema ni uongo mtupu, mwingine akasema bibi yake naye alitaja ngwe ndogo. Watu ambao hawajawahi kutaja jina la Renty mbele yangu walinitajia uso kwa uso, na mimi nikawajibu. Thomasina aliniambia babu yangu alikuwa mbwa. Nikamwambia bibi yake alikuwa na sura mbaya, kasema mwenyewe. Tukashikana mikono tukatoka pamoja. Sijawahi kujisikia mwepesi hivyo.

Kwa hiyo usiniletee nguzo tena. Rudisha ile sura ya kwanza, kila pigo. Na umwite Renty. Mimi ni Capers, namtaka kwa jina lake.

Rosabel


Gary
19 Julai 1953

Rosabel, Rosabel,

Barua yako nimeisoma nimesimama posta, halafu nimeisoma kazini, msimamizi akanipigia kelele kwa sababu nilikuwa nacheka karibu na chuma kilichoyeyuka. Otis nimemsomea yote. Kwenye supu alisema hilo analiamini, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili angeweza kulitunga, na mimi hasa nisingeweza. Kwenye ufito alisema hapana.

Na mimi nikuambie wazi. Ufito siuamini sana. Naona mama wa Bi Minda alimpenda baba yake, na mtu akipenda hukata ufito. Lakini siwezi kuuacha nje pia, maana labda ni kweli, na kama ni kweli nitakuwa nimemwibia Renty kitu kimoja chema alichokuwa nacho. Nimekaa nao mbele yangu wiki nzima. Kumwandika mtu aliyekufa ni kazi ngumu kuliko chuma. Chuma kikikosewa unakirudisha ndani.

Nifanyeje?

Emory wako


Sorrel
2 Agosti 1953

Emory,

Hata mimi siuamini wote, na ninautaka uwe kweli kwa moyo wangu wote. Hivyo ndivyo tulivyo hapa. Basi andika hivyo. Weka watu wa kitabuni wakae kwenye benchi wabishane kuhusu ufito, na Dido awasikie, na asiseme kitu. Alikuwa na ngwe yake kila siku, alijua. Akinyamaza yeye, na wewe nyamaza.

Kovu tunalo, bibi yako aliligusa. Supu tunayo, Bi Minda aliiona. Ufito tunao kwa kuambiwa. Kila kimoja kipe kiti chake, kisikalie cha mwenzake.

Mwambie Otis nimempenda. Mtu anayekuuliza kama unaumwa ni rafiki.

Rosabel


Gary
27 Septemba 1953

Rosabel,

Hii hapa sura ya mwisho. Nimeandika ile uliyosema ya benchi, na Shemasi wenu atafurahi, nimemweka nyumbu. Anaelea.

Sura ya mwisho ni ya supu.

Emory


Gary
18 Oktoba 1953

Rosabel,

Ile sura ya mwisho usiisome, haikuwa ya mwisho. Nimeongeza nyingine baada yake, Dido anakwenda Savannah. Imo humu.

Emory


Gary
8 Novemba 1953

Rosabel,

Savannah itoe. Hakuwahi kwenda, bibi yangu alisema hakuwahi kuvuka kivuko. Nimerudi kwenye supu, nikaongeza kurasa ambamo Renty anaomba radhi, na Dido anamsamehe, na kuna wimbo. Lakini sidhani nimemaliza. Nafikiri kitabu kinahitaji sehemu ya pili, ya watoto wao.

Nimechoka kidogo siku hizi, lakini usijali.

Emory


Sorrel
22 Novemba 1953

Emory mpenzi,

Umeniletea sura ya mwisho mara tatu, na sasa unanitishia sehemu ya pili. Mwanzoni nilidhani ni kazi ya tanuru inakuchosha akili. Jana nikiwa bandani, mkono kwenye chaza, nikaelewa. Nilikuambia nitakujibu ukimaliza. Wewe humalizi kwa sababu unaogopa jibu. Kila ukiukaribia mwisho unaongeza sura, na ukiachiwa utawafikisha wajukuu wa Dido kwenye mwezi.

Basi nimefanya uliyonikataza. Nimegusa maneno.

Msamaha nimeukata. Wimbo pia. Umewapatanisha kama mchungaji anayetafuta sadaka. Hakuna aliyeisikia hiyo radhi, Emory. Bi Minda alikuwa kwenye kona na hakuisikia, wewe uliyekuwa hujazaliwa umeisikia wapi? Nimerudi nyuma mpaka pale Dido amekaa kitandani, kijiko kiko hewani, anasema, "Fungua mdomo, mbwa wewe, supu inapoa." Hapo nimepiga mstari. Chini yake nimeandika MWISHO kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu.

Leo alasiri nimewasomea kilivyo. Nilipofika kwenye mstari, nikafunga makaratasi. Halafu Bi Minda akaanza kuburuza miguu pale pale alipoketi, na Shemasi akaanza kupiga makofi, na mabenchi yakasogezwa ukutani. Mduara ulizunguka mpaka nguo zikalowa. Nilikuwa nyuma ya Thomasina na mbele ya mama yako. Hakuna aliyepishanisha, lakini mama yako nilimwona anakaribia.

Kwa hiyo kitabu kimekwisha, na nina deni la jibu. Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu kivukoni. Nilitaka tu kuona kama utakaa na jambo moja mpaka likamilike, na nimeona kwamba hukai, lakini nitakusaidia.

Sitakuja kuishi Gary. Njoo wewe. Macho yako yamekuwa mekundu vya kutosha.

Rosabel, wako kabisa


Gary
1 Desemba 1953

Mke wangu mtarajiwa,

Msimamizi nimemuaga. Aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Sorrel, akaniuliza ni wapi, nikamwambia muulize Otis, haipo kwenye ramani. Otis anakuja na mimi. Anasema ni kwa ajili ya harusi, lakini amebeba kamba ya kupimia, anataka kuziona hizo ngwe na kuongea na Bi Minda ana kwa ana. Mwonye Bi Minda. Au nimwonye Otis mimi.

Kuhusu kitabu nina lalamiko moja. Pale ulipokata palikuwa na sentensi moja nzuri sana mbele yake, nilihangaika nayo siku nyingi, inasema Renty alimtazama Dido na machozi yakamtoka. Nimekaa nikaitazama. Machozi hayo hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Nimeiacha hapo ulipoikata.

Basi linaondoka Ijumaa asubuhi. Mwambie mama nataka wali mwekundu, na mwambie nimesikia habari za miguu yake.

Emory